Mjomba Spana Anajibu: Wiki ya Wenye Mahaba na Magari

*Mjomba, shikamoo. Nimeona Altezza RS200 nyeusi, namba D, milioni 13, maongezi yapo. Mwenyewe anasema injini haijaguswa, AC kipupwe, na kuna wateja wengine wawili wanakuja jioni na pesa mkononi. Mimi nina milioni 11. Niwahi?*
*— Presha Juu, Sinza*

Marahaba, mpwa. Hao wateja wawili wa jioni nawafahamu. Wamekuwa wakija jioni tangu enzi za Datsun 120Y na hawajawahi kununua hata kofia ya gurudumu.

Hiyo herufi D inakuambia gari lilisajiliwa lini hapa nchini. Lilitengenezwa lini, haisemi. Altezza zilitoka kiwandani kati ya 1998 na 2005, na hata ikibandikwa namba E kesho asubuhi haitapungua umri. Achana na namba, fungua boneti usome kibati cha chesisi. Ukikuta SXE10, hiyo ni RS200 ya kweli: injini ya 3S-GE, lita 2, silinda nne, nguvu za farasi 210 kwa ile ya gia za mkono. Ukikuta GXE10, hiyo ni AS200, yenye 1G-FE ya silinda sita na farasi 160. Ndiyo, mpwa, hapa nne zinazishinda sita, na wengi wameuziwa sita kwa bei ya nne huku wakijipongeza kwamba wamepata mbili za nyongeza.

AS200 si gari baya. Injini yake ndiyo ileile iliyomo kwenye Mark II GX100, spea zake zimejaa Kariakoo, na fundi wa mtaa wowote anaijua. Lakini ni gari jingine na bei yake ni nyingine. Nembo ya RS200 inauzwa kivyake na inakaa kwa gundi.

Kuhusu bei yenyewe, kwa gari la kawaida kazi ni nyepesi. Unatafuta linauzwaje Japani, unaongeza nauli ya meli, unaingiza modeli na mwaka kwenye kikokotoo cha TRA, unaongeza gharama za bandarini. Hapo umepata dari, na mwenye IST iliyokwisha tembea mitaa yetu akikutajia juu ya dari hiyo, muage kwa heshima. Kwa magari ya mahaba dari inavuja. TRA hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa, na haya yote yameshazeeka, kwa hiyo kuagiza jingine ni ghali na yaliyoko hapa yanajipandisha bei. Halafu kuna Wamarekani. Sheria yao inazuia gari ambalo halikuundwa kwa viwango vyao vya usalama lisiingie mpaka litimize miaka 25. Likitimiza tu, wananunua kama wamefunguliwa mlango. Skyline GT-R R32 za mwanzo zilifika umri huo 2014, R34 za mwanzo 2024, na Altezza za mwanzo nazo zimeshavuka. Kwa hiyo kijana wa Sinza anagombea gari moja na daktari wa meno wa Texas, na daktari hasubiri mtu amkopeshe.

Ikiwa ni SXE10 yenye gia za mkono na bodi yake haijanyooshwa, milioni 13 si wizi. Ikiwa ni GXE10, hizo 11 zako zina chenji.

*Mjomba, mume wangu anataka kuuza kiwanja chetu cha Chanika anunue Subaru Impreza WRX STI ya milioni 30. Anasema ile ni dhahabu, haishuki bei, tena ndiyo gari aliyoendesha Colin McRae. Ikipita moja barabarani anaacha kula. Nimwambieje?*
*— Mama Wawili, Tabata*

Mama Wawili, usimkataze. Mwanamume aliyekatazwa Subaru huinunua kwa siri, na ya siri huwa mbovu zaidi kwa sababu huikagua gizani.

Muulize kwanza chesisi. Akisema GDB, mwambie taratibu kwamba McRae hakushindania umbo hilo. Ubingwa wake wa dunia wa rali ni wa 1995 na Safari Rally aliishinda na Impreza mwaka 1997, enzi za GC8. Mwaka 1999 alikuwa ameshahamia Ford, na GDB imekuja 2000. Walioliletea umbo hilo ubingwa ni Richard Burns mwaka 2001 na Petter Solberg mwaka 2003. Simbezi marehemu McRae. Nataka tu mumeo ajue kwamba sehemu ya hizo milioni 30 ni nauli ya hadithi, na hadithi yenyewe imepanda gari lisilo lake.

Sasa gari. GDB ndiyo STI, GDA ni WRX ya kawaida, na kuna Impreza za lita 1.5 zisizo na turbo zilizovalishwa boneti yenye tundu, bawa la nyuma na stika mpaka zinasahau zilikozaliwa. Kwa umbo hilo STI ilikuwa na gia sita za mkono, kiwanda hakikuitoa kwa otomatiki. Mkioneshwa "STI otomatiki", rudini nyumbani mkale.

Nendeni asubuhi, bila kupiga simu nusu saa kabla. Uweke kiganja chako juu ya boneti, wewe, si yeye, maana yeye mikono itakuwa inatetemeka. Likiwa na moto, muuzaji ameliwasha mapema na ana sababu. Linapowashwa likiwa baridi ndipo linasema ukweli: moshi wa bluu, mlio wa chini unaogonga, mapovu kwenye chupa ya maji ya rejeta. Injini hii imelala, silinda mbili kila upande, na fundi akitaka kufungua hedi mara nyingi hulazimika kuishusha yote. Gasketi ambayo kwenye Toyota ni kazi ya siku moja, hapa ni safari. Mlipe fundi ambaye si rafiki wa muuzaji apime kompresheni silinda zote nne. Zikipishana sana, hakuna maongezi. Muulize pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, maana huo ukikatika valvu na pistoni hukutana.

Na aombe karatasi ya mnada wa Japani. Ikiandikwa R, gari liligongwa likatengenezwa. R inaweza kuwa ajali ndogo na pia inaweza kuwa nguzo ya umeme, ndiyo maana mnalipa pungufu.

Ni kweli STI nzima isiyochezewa inashikilia bei. Ni kweli pia kwamba kiwanja cha Chanika hakinywi mafuta na hakijawahi kuchemsha. Kama ana milioni 30 nyingine baada ya kununua, anunue. Kama hana, aendelee kuacha kula.

*Mjomba, Mark II GX100 yangu nimeiwekea rimu za inchi 18, muziki, viti vya ngozi na taa za buluu chini. Gharama zote na gari ni milioni 15. Watu wanasema saba. Hawajui thamani?*
*— Nimewekeza, Mwanza*

Wanajua. Taa za buluu ni furaha yako, mpwa, na ulishaifurahia. Rudisha rimu za kiwandani, uza hizo za inchi 18 na muziki kivyake, kisha uza gari kama gari. Ukimpata aliyeitunza GX100 kama ilivyoshuka melini, mwangalie anavyopandisha bei huku wewe unashusha.

*Mjomba, safu yako inatuharibia kazi.*
*— Dalali Mwaminifu, Kinondoni*

Pole. Wasalimie wateja wa jioni.

*Mjomba, babu yetu aliacha Peugeot 504 bandani, Moshi. Jirani anatoa milioni moja na nusu, anasema ni chuma chakavu tu. Amekuja mara nyingi. Tuuze?*
*— Wajukuu*

Wajukuu wangu, 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na Ove Andersson, na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas, ingawa hiyo ya pili ilikuwa kupe ya V6 na ya babu bila shaka ni ya kupelekea kahawa mnadani. Hilo peke yake halileti bei. Bei italetwa na sakafu isiyooza, vioo kamili, vyuma vya pembeni vyote, na kadi. Kadi ndiyo itakayowatesa: kama bado ina jina la marehemu, hamwezi kumhamishia mtu umiliki kabla msimamizi wa mirathi hajathibitishwa mahakamani. Anzeni huko, na jirani asitangulize hata shilingi.

Kisha mchunguzeni. Anayetaka chakavu huuliza uzito. Huyu wenu naambiwa huja na tochi. Akija tena mwacheni aingie uvunguni mpaka atosheke, akitoka mumtajie milioni nne, mwone kama atakung'uta suruali kwanza au atajibu kwanza.