Wati 12,000 Sebuleni

Boksi la sabufa halitupwi. La friji tunawaachia watoto walifanye nyumba, la televisheni linahifadhi vyombo vya shughuli, lakini la sabufa hupanda juu ya kabati la nguo na kukaa huko miaka, maandishi yake yakitazama kitanda: WATI 12,000 PMPO. Mgeni akiuliza muziki huu una nguvu kiasi gani, mwenye nyumba hajisumbui kujibu. Anamtuma mtoto akalete boksi.

Shemeji yangu analo la namna hiyo. Ni mdogo wake mke wangu, na ndiye aliyetusindikiza Kariakoo tulipokwenda kutafuta homu thieta, kwa sababu kila ukoo una mtu mmoja anayejua mambo ya umeme, na kwa wakwe zangu cheo hicho anakishikilia yeye tangu alipoiponya pasi ya mama mkwe. (Pasi yenyewe ilikuwa haijachomekwa.)

Sasa hizo wati. PMPO ni kipimo ambacho kila kiwanda hujipimia chenyewe, kwa rula yake, gizani. Hakuna kanuni moja inayokisimamia, kwa hiyo mwenye kiwanda akiamka na furaha anaandika 5,000, akiamka na furaha zaidi anaandika 12,000. Namba yenye maana ni ile ya RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo bila kuzimia. Marekani waliuona mchezo huu mapema, na mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho ikatunga kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani. Sisi tuna mita ya umeme ya LUKU, ambayo ni kali kuliko tume yoyote. Wati 12,000 zikifanya kazi kwa saa moja zinakula uniti 12. Wimbo mmoja wa taarabu, ule wa robo saa, ungekwenda na uniti tatu. Pasi ya wati 1,000 hula uniti moja tu kwa saa, na nyumbani kwangu mtu akinyoosha zaidi ya mashati manne anaitiwa kikao.

Geuza mashine uitazame nyuma, pale unapotokea waya wa umeme. Kuna kibandiko kidogo chenye maandishi ya sisimizi, na kwenye ile tuliyoandaliwa pale dukani kilisema wati 60. Mbele wamewaandikia wanunuzi, nyuma wamewaandikia mafundi.

Nikamwonesha shemeji. Alikisoma, akafikiri, akasema: "Hizo 60 ni zinazoingia, shemeji. Hizo 12,000 ndizo zinazotoka."

Muuzaji aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeisikia fatwa.

Hapo ndipo ulipoanza mjadala wa majina, na nadhani hakuna mahali Watanzania wasiofahamiana wanakuwa ndugu haraka kuliko kwenye mjadala wa jina la redio. Shemeji alisema kama si JBL basi ni bora kusikiliza simu ndani ya bakuli. Mteja mmoja aliyekuja kununua ekstensheni akaiweka ekstensheni chini na kusema JBL ni ya vijana wa ufukweni, mtu mzima huchukua Harman Kardon. Walibishana kwa muda wa kutosha kuuza ekstensheni tano. Lililonichekesha ni kwamba huo ulikuwa ugomvi wa ndugu wa tumbo moja. JBL, iliyoanzishwa na James B. Lansing mwaka 1946, na Harman Kardon zote zimo ndani ya kampuni ya Harman, na Harman yenyewe ilinunuliwa na Samsung mwaka 2017 kwa takribani dola bilioni nane. Shemeji amekuwa akisema mbele ya mashahidi kwamba Samsung wanajua simu tu. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema basi ndiyo maana JBL za siku hizi zimeshuka.

Baba mkwe, aliyepigiwa simu ili atoe hukumu, hakuyatambua majina yote mawili. Kwake redio ilikamilika enzi za National ya bendi tatu, ile ambayo betri zake zikichoka zinaanikwa juani kwenye bati na jioni zinapata nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Na mjomba wa mke wangu anayeishi Muscat akatuma picha ya Bose yake ikiwa mezani, bila neno lolote, kama watumavyo picha watu wa Ghuba.

Bose ina kisa ninachokipenda. Amar Bose alikuwa mwanafunzi wa MIT aliponunua mitambo ya muziki ya bei kali mwaka 1956. Vipimo kwenye karatasi vilikuwa vya kupendeza, lakini alipoiwasha, ikamchukiza. Akaanza kuchunguza kwa nini namba nzuri zimezaa sauti mbaya, na mwaka 1964 akafungua kampuni. Sisi pia tunanunua kwa namba, tunafika nyumbani, inatuchukiza. Yeye alifungua kampuni. Sisi tunaifunika kitambaa.

Maana kitambaa ni lazima. Mama mkwe hufuma, na spika yoyote inayoingia ukoo huu hupata gauni lake kabla ya kupata umeme. Vitambaa hivyo ni vizito, vina maua, na hushuka mpaka usoni mwa spika, hasa mbele ya twita, ambayo ndiyo inayotoa sauti nyembamba: matoazi, herufi "s", ndege wa kwenye filamu. Besi haijali kitambaa, inapita. Twita inajali sana. Kwa hiyo muziki wa kwetu una tumbo na hauna ulimi. Kuna fundi aliyewahi kuletwa kurekebisha tatizo hilo, akafungua spika, akafunga, akachukua hela yake, na kwa heshima akakirudisha kitambaa mahali pake.

Lakini nisiruke duka. Muuzaji wa sabufa ana mbinu mbili na zote ni za kisayansi, ingawa hakuzisoma popote. Ya kwanza ni wimbo wake mwenyewe, wenye besi inayoanza sekunde ya pili, kwenye flashi isiyotoka hapo. Ya pili ni kupandisha sauti. Sikio la binadamu husikia besi vibaya sauti ikiwa ya chini. Ukipandisha, besi inafufuka, na kitu kilekile kinaonekana kimekuwa bora. Akitaka kukuuzia ya bei kubwa, ndogo anaipigisha taratibu na kubwa anaiachia. Unatoka dukani kifua kikigonga, ukidhani umesikia ubora, kumbe umesikia kitufe.

Na macho nayo hayana uaminifu. Mwaka 1994, Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa hiyohiyo Harman, waliwakalisha wafanyakazi 40 wa kampuni yao wasikilize spika za aina nne, tatu kubwa za bei na moja ndogo ya bei rahisi. Walipoziona, kubwa zilipata maksi nzuri na ndogo ikadharauliwa. Zilipofichwa nyuma ya pazia, ile ndogo ikapanda na kubwa zikashuka. Hao walikuwa watu wanaolipwa mshahara na kampuni ya spika. Mimi nina mashaka na bwana wa ekstensheni.

Niseme ukweli wangu kuhusu majina, maana sitaki kuonekana nayadharau. Kampuni yenye jina la kulinda huandika wati zilizo karibu na kweli, na fundi anapata spea. Hizo ni faida mbili kubwa na zinastahili pesa. Sauti tamu ni jambo jingine, na jina halikuhakikishii. Zaidi ya hapo, jina linalopendwa ndilo linaloigwa, na nimeona dukani redio ya SQNY, yenye Q iliyokatwa mkia kwa ustadi hivi kwamba lazima uipapase.

Tukanunua. Seti ya tano nukta moja: spika ndogo tano na sabufa. Mbili hukaa mbele, moja katikati chini ya televisheni, mbili nyuma ya wanaotazama, ili helikopta ikitokea mgongoni uinamishe kichwa. Hivyo ndivyo kitabu cha maelekezo kinavyosema, na kitabu hicho kiliandikwa na mtu asiye na mama mkwe. Waya za spika za nyuma zilipita sakafuni kwa siku moja. Siku hiyo hiyo zilimwangusha bibi, chai, na mgeni aliyekuja kumpa bibi pole. Jioni spika zote tano zikapangwa kwenye kabati la televisheni kwa kimo, na ile ya katikati, ambayo kwenye filamu nyingi ndiyo hubeba mazungumzo, ikaonekana imelala vibaya na kuharibu mstari. Ikapelekwa juu ya friji. Tangu hapo watu wa kwenye filamu wakipigana, wanapigana kwenye televisheni. Wakipatana, wanapatanishwa na friji.

Na hata tungezipanga kwa rula, tungeambulia nini? Filamu zinazopendwa pale nyumbani ni za kutafsiriwa. Utamaduni huo ulimpa jina Lufufu hapa kwetu na DJ Afro kule Kenya: mtu mmoja anazungumza juu ya filamu nzima, ni shujaa, ni adui, ni mama yake adui, na akiona pambano limepoa anaweka utani wake. Sauti yake imepakwa juu ya kila kitu kwa usawa. Spika tano zinatoa mtu mmoja. Mpira nao ni hivyo hivyo: Simba na Yanga wanapocheza, hakuna anayetaka kusikia mashabiki wakitokea nyuma yake, maana nyuma yake tayari wamo, wamekaa kwenye kochi, na wanapiga kelele kuliko sabufa.

Sabufa ina tundu la kupumulia, ili hewa inayosukumwa na spika itoke na besi ipate uzito. Watoto wangu waliielewa kazi ya tundu hilo kwa namna yao. Muziki ulipoanza kukoroma, shemeji alitangaza kwamba koili imeungua na akanitajia bei ya nyingine. Fundi wa mtaani akaigeuza kichwa chini na kuitikisa: vikatoka vijiko, penseli, kadi ya kliniki, betri za rimoti tuliyokuwa tukiitukana kwa wiki nzima, na ganda la embe. Koili ilikuwa nzima.

Kitu ambacho hakuna aliyekitaja dukani, si muuzaji, si shemeji, si mjomba wa Muscat, ni chumba. Sebule yetu ina sakafu ya vigae, kuta tupu, dirisha kubwa la alumini na bati lisilo na dari upande mmoja. Sauti inayofika vigae inarudi. Inayofika ukutani inarudi. Besi ikisukumwa kwenye kona inavimba, kwa sababu kuta za kona huikusanya na kuiongezea nguvu. Dirisha linajibu noti moja, bati linajibu nyingine. Tulipoisogeza sabufa kutoka kona ile na kutandika zulia tuliloazima kwa ajili ya hitima, watu wa kwenye filamu wakaanza kueleweka kwa mara ya kwanza. Zulia likarudishwa kwa wenyewe. Shemeji anasema ni nyaya zilizozoea kazi.

Yeye mwenyewe alikwisha kuhamia mtumba. Alipata amplifaya nzito kutoka Japani, orijino kabisa, safari hii bila utani. Umeme wa nyumbani kule Japani ni volti 100, wa kwetu ni 230, na transfoma ndogo ya kushushia ilikuwa dukani kwa bei ya kuku wawili. Hakuinunua. Amplifaya iliwaka, ikaimba ubeti mmoja kwa sauti tamu kuliko zote tulizowahi kuzisikia, ikatoa moshi. Boksi lake lipo juu ya kabati.

Wewe unayekwenda kununua, pima sebule kwanza, kisha uliza RMS. Kilichoandikwa mbele kisome kwa adabu, na kilichoandikwa nyuma kisome kwa makini, pamoja na volti. Beba flashi yenye wimbo unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji, mwambie muuzaji azipigishe zote kwa sauti ya kiasi kimoja, halafu ufumbe macho usikilize. Ila hapo ni Kariakoo: kabla ya kufumba macho, simu na pochi mpe mwenzio ashike.