Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Kiongozi wa Sifa

Kwako Mheshimiwa Sana, Kiongozi wa Timu ya Sifa na Kuabudu ya usharika wetu, Mshika Maiki Mkuu, mwenye kauli ya mwisho juu ya wimbo upi uimbwe na upi usahauliwe: Bwana Yesu asifiwe! Shikamoo. Nakuamkia mimi, ingawa mama yako mzazi nilimfundisha Shule ya Jumapili, kwa kuwa cheo hakiulizi umri.

Naandika nikiwa nimepiga magoti, mkao ambao kwa bahati mbaya hauniwezeshi kuona maneno ya nyimbo ukutani.

Kwanza, nakushukuru kwa utii wako. Zaburi ya 96 inaagiza Bwana aimbiwe wimbo mpya, nawe hujawahi kwenda likizo. Jumapili ya kwanza tunaupapasa wimbo, ya pili tunashika kiitikio, ya tatu tunafumbua vinywa tuuimbe kwa moyo, kumbe umekwisha kuondolewa. Umetuepusha na dhambi ya mazoea.

Pili, nakushukuru kwa jibu ulilotupa wazee tulipothubutu kuuliza kwa nini umeondolewa: kwamba wimbo ule umechosha. Hatukujua. Ninyi mnaupika katikati ya wiki, mnauonja Ijumaa, mnaula Jumamosi usiku. Jumapili mnafika mmeshiba, na sisi ndio kwanza tunanawa mikono. Ahsante kwa kutusaidia kushiba kupitia matumbo yenu.

Tatu, nawaombea radhi waliotutangulia, maana hawakupata mwongozo wako. Martin Luther alitunga wimbo wake wa ngome kabla ya 1530, na Walutheri hawajaona haya kuendelea kuuimba. Joseph Scriven aliandika shairi mwaka 1855 kumfariji mama yake aliyekuwa Ireland. Sisi tunalo ndani ya Tenzi za Rohoni, Yesu Kwetu ni Rafiki, na linafariji wafiwa mpaka leo. Ndugu wa uamsho wa miaka ya 1930 walieneza wimbo wa Tukutendereza kutoka Uganda na Rwanda, na bibi zetu waliuimba kwa Kiganda bila kukijua Kiganda na bila skrini. Watu wavumilivu kupita kiasi.

Najua barua hii hutaisoma, una mazoezi. Hata hivyo nathubutu kuleta ombi moja dogo.

Kwa kuwa kanisa letu haliachi marehemu aondoke kimyakimya, naomba kila wimbo unaoondolewa ufanyiwe ibada ya mazishi. Litolewe tangazo, iundwe kamati, usomwe wasifu: alizaliwa Februari, akaugua kuchosha, akafariki Machi, ameacha kiitikio kimoja na ubeti ambao hakuna aliyeufikia. Flashi yenye maneno yake ilazwe katika jeneza la kadiri yake. Rambirambi apelekewe mtunzi. Kisha washarika waruhusiwe kuuimba kwa mara ya mwisho, ambayo kwa wengi wetu itakuwa ya kwanza.

Mheshimiwa, ukiona gharama za mazishi ni kubwa, ipo njia isiyohitaji kamati. Uache wimbo uishi mpaka washarika wauimbe bila kutazama ukutani, ndipo uutafutie mwenzake.

Ni mimi mtumwa wako mtiifu,
Benchi la nyuma, jirani na spika.