Weka Kiberiti Chini, Mpelelezi

Nyumba nyingi za mjini zina mpelelezi wa gesi. Akinusa uvundo wa yai viza jikoni, anatafuta kiberiti ili aone inapovuja. Ndugu mpelelezi, mwongozo huu ni wako. Kiweke chini kwanza, ndipo usome.

Gesi ya kupikia haina harufu yake yenyewe. Uvundo ule hutiwa makusudi ili ukushtue. Mwaka 1937, huko New London, Texas, gesi asilia isiyonuka ilijaa chini ya jengo la shule bila mtu kujua. Ikalipuka, inavyoaminika kwa cheche ya mashine ya umeme ya kupigia msasa, na kuua watu karibu 300, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo ndipo Texas ikalazimisha gesi itiwe harufu. Kwa hiyo anayefukiza udi ili jikoni pasinuke anaziba mdomo wa mlinzi, tena anamletea makaa ya moto. Na pua huzoea: usipoisikia tena harufu, usidhani gesi imekwisha.

Kisha yupo baba mwenye nyumba anayepaza sauti, “Washeni taa tuone kinachonuka!” Mzee wangu, harufu haionekani hata kwa taa kumi. Swichi hutoa cheche kwa ndani, ukiwasha na ukizima vilevile. Taa inayowaka iache iwake, iliyozimwa ibaki imezimwa. Feni usiiguse, friji usiichomoe, na simu usiipige humo ndani hata kama shangazi anasubiri habari.

Cha kufanya ni kichache. Zima jiko, funga mtungi kama unafikika bila hatari, fungua milango na madirisha, toa watu wote, watoto na wagonjwa kwanza. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni, hujificha chini ya makabati, huingia mtaroni. Kidirisha cha juu peke yake hakiitoi. Mlango uachwe wazi kabisa. Gesi asilia, kama ile ya Songo Songo inayofika kwa bomba katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, ni nyepesi na hupanda darini, kwa hiyo madirisha ya juu nayo yafunguliwe. Mkishafika mbali, waambieni majirani wazime majiko, ndipo mpige Zimamoto: 114 Tanzania, 999 Kenya. Pochi uliyoisahau mezani iache hukohuko.

Upelelezi halali upo, nao hauhitaji moto. Kila unapobadilisha mtungi, na kabla hujawasha chochote, koroga sabuni ya vyombo na maji kidogo mpaka itoe povu zito. Fungua mtungi, paka povu kwenye kiungio cha regulata na mpira wote hadi kwenye jiko. Tazama kwa utulivu. Mahali mapovu yanapovimba yenyewe, yakipasuka na kuota mengine, gesi inatoka hapo. Funga mtungi, mwite fundi au muuzaji. Mpira wenye nyufa hununuliwa mwingine. Kuufunga kwa tyubu ya baiskeli ni kuiachia familia nzima bomu jikoni.

Na usiku ukimaliza kupika, funga mtungi wenyewe, si jiko tu.