Ndoano Iliyopinda Ina Kazi Zake

Anayeanza kujifunza kufungua kufuli bila ufunguo hupinda vyuma vingi kabla hajafungua kufuli hata moja, na dukani hakuna anayekutahadharisha. Pakiti yangu ililetwa na shemeji aliyetoka Dubai. Ilikuwa na ndoano, nyoka, kipembetatu na vibapa vya mkazo, vyote vimelala kwenye mkoba wa ngozi, vinang'aa. Wiki haikuisha ndoano ilikuwa imeinamisha kichwa, nyoka amenyooka, na kibapa kimoja kimejisokota kiasi kwamba waliokitengeneza wasingekitambua.

Chuma chenyewe hakina lawama. Ndani ya kufuli ya kawaida mna silinda, na pini zimepangwa mbilimbili, kila jozi ikisukumwa na springi yake. Ufunguo sahihi ukiingia, huinua kila jozi kwa kiasi chake mpaka pale pini mbili zinapokutana palingane na ukingo wa silinda, nayo inazunguka. Asiye na ufunguo huibana silinda kwa kibapa, kidogo tu, kisha huinua pini mojamoja kwa ndoano. Kidogo! Sisi wageni wa kazi hii tunakandamiza kibapa kama tunafungua nati za gurudumu la lori. Pini zinabanwa na kukataa kupanda, nasi tunahamishia hasira kwenye ndoano, ambayo unene wake ni kama nusu milimita.

Majeruhi wangu niliwapeleka Kariakoo, kwa mzee mmoja fundi funguo mwenye meza yake, jiliwa dogo na tupa zilizokwisha meno. Aliinua ndoano, akaielekeza juani, akafumba jicho moja.

"Mwanangu, hii ulifungulia kufuli au ulichimbia muhogo?"

"Kufuli, mzee."

"Kufuli ya gereza?"

"Ya kabati la vyombo."

Alicheka mpaka mteja wake akasahau kudai chenji. Kisha akachukua kufuli kuukuu, akachomeka kibapa, akakiwekea kidole cha mwisho. Si kukandamiza, kukiwekea tu. "Tazama ukucha," akasema. Ukucha wake ulikuwa na rangi ile ile. Nilipojaribu mimi, wangu uligeuka mweupe papo hapo. "Ukucha ukiwa mweupe, umezidisha." Kufuli yake ilifunguka kabla sijamaliza kujitetea. Na chombo alichoifungulia? Kipande cha msumeno wa chuma uliokatika, alichokinoa mwenyewe, pamoja na ule ukanda mwembamba wa chuma unaotolewa ndani ya mpira wa waipa ya gari. Dubai hajaenda.

Kunyoosha nako kuna adabu yake. Chuma kilichopinda kidogo hurudishwa kikiwa baridi, polepole, kwa kukilaza kwenye kitu bapa na kukisukuma kwa dole gumba. Ukitumia plaizi, vitie kitambaa vidomo vyake, maana meno ya plaizi huacha vijikwaruzo, na kwenye kijikwaruzo ndipo chuma kitakapokatikia siku utakayokihitaji. Tena usikipeleke huku na huku mara nyingi. Kila mkunjo hukiongezea ugumu pahala pale, mwisho kinalia tik na nusu yake inabaki ndani ya kufuli. Kama kimekunjika hadi kufanya kona kali, usikibembeleze. Kiandalie kazi nyingine.

Jirani yangu, mtaalamu wa kila fani isipokuwa yake, alishauri nikitie kwenye moto wa jiko la gesi ili kilainike. Alisema kweli: kinalainika. Chuma cha springi kikipata moto hugeuka manjano ya nyasi kavu, kisha zambarau, kisha bluu, kwenye nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Kikipita hapo kikaanza kuwiva wekundu, ile springi imekwenda, unabaki na waya. Kipande chembamba vile, kwenye gesi, hupita rangi zote hizo kabla mshauri hajamaliza sentensi yake. Ndiyo maana fundi akinoa kwenye jiwe la mota huchovya kwenye kopo la maji kila baada ya mguso. Mimi sasa natumia tupa ya mkono. Ina uvivu, lakini haichomi.

Utunzaji wa vilivyo vizima hauna maneno mengi. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu na chumvi ya kutosha kukutia kutu wewe mwenyewe, kwa hiyo vifute jasho la mikono, uvipake tone la mafuta ya cherehani na kulifuta lote. Kingo zinazokwaruza zisugue kwa msasa laini, kwa urefu wa chuma. Ndani ya kufuli, unga wa risasi ya penseli unafaa kuliko mafuta, maana mafuta hukaribisha vumbi. Na mazoezi ufanyie kufuli yako, isiyofunga kitu unachokitegemea. Lile kabati la vyombo ndilo lililotufanya tule kwa mikono juu ya sinia ya kuazima siku mbili, na mama mkwe akiwepo.

Mwaka 1851, mjini London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua kufuli ya Bramah iliyokuwa imewashinda watu kwa miongo mingi, ikiwa na zawadi ya gini 200. Alitumia saa kama 51, zilizogawanywa katika siku 16, na alikuwa amepewa siku 30. Mimi nilipewa mpaka wali uive.

Kuhusu kutembea navyo, sitembei navyo. Sheria za Tanzania zinalo kosa la kukutwa usiku na vyombo vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na sina hamu ya kumweleza askari wa doria, saa tano za usiku, kwamba hii ni burudani. Mjumbe wetu alipoviona mezani aliuliza kwa upole kama nimepata kazi mpya.

Vilivyopinda, hata hivyo, ndivyo vilivyoniletea heshima nyumbani. Ile ndoano iliyokunjika kona niliikata mbele ya mkunjo, nikaichonga ncha kwa tupa ikawa na kijino kinachotazama nyuma. Siku ufunguo wa stoo ulipokatikia ndani ya kufuli, nilikipitisha kijino kando ya meno ya ufunguo, nikageuza, nikavuta. Hakuna kitu. Silinda ilikuwa imezunguka kidogo, na ikiwa hivyo pini hazikiachii kipande. Nikairudisha mahali pake kwa kibapa kilichojisokota, nikavuta tena, kikatoka chote. Watoto walipiga makofi. Kwa kufuli kumi nilizofungua bila ufunguo hawajawahi kupiga.

Kibapa chenyewe sasa ni mali ya cherehani, kinachokoa nyuzi na vumbi chini ya meno yanayovuta kitambaa. Nyoka aliyenyooka anatoboa dawa ya viatu iliyokauka kwenye kichupa. Mkoba wa ngozi umebaki na kipembetatu peke yake, kizima, kimepakwa mafuta, nami nimeshajua kazi ya ukucha. Juzi mke wangu alikitoa, akakitazama kwa muda, akakirudisha.

"Baba watoto," akasema, "na hiki utakipinda lini? Tundu la maji bafuni limeziba nywele."