Shangazi Mjuaji: Kitambi cha Tabata

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, kilo 80, nakaa Tabata. Nimeanza jimu na kila Jumapili najipikia chakula cha wiki nzima, lakini ikifika Jumatano najikuta nimesimama kwenye chipsi mayai. Nifanyeje? – Mwenye Kitambi*

Marahaba, baba. Umefanya la maana kuniandikia mimi, maana siku hizi kila mwenye simu na msuli wa mkono ni mshauri wa lishe, na wengi wao hata maharage hawajui kuchambua. Mimi nimepikia shughuli tangu kadi za mwaliko zinapelekwa kwa mguu. Pilau yangu moja kule Magomeni ilimsahaulisha shehe mahari aliyokwisha kutajiwa, ikabidi wazee waanze upya. Na kiuno changu, sisemi kwa kujisifu, mwaka 1978 kilisimamisha basi la UDA pasipo na kituo, dereva akashuka kuniomba radhi kwa kuchelewa.

Barua yako nimeisoma nusu. Inatosha, watu wa Tabata nawajua.

Bila shaka kocha wako wa jimu kakutuma ukanunue unga wa protini wa kopo. Kopo! Mwambie Shangazi kasema aende sokoni akaulize bei ya dagaa. Dagaa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini tupu, na ukimla mzima na mifupa yake unapata na kalisi juu. Anayenyanyua vyuma anatosheka na gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo wewe ni kama gramu 128 kwa siku. Yai moja lina gramu 6. Ukitaka kuzifikisha kwa mayai peke yake utakula zaidi ya 20 kila siku, na wapangaji wenzako watahama usiku usiku. Changanya: yai asubuhi, maharage mchana, dagaa au samaki jioni, na kuku akipatikana asikimbizwe.

Maharage nayo yana adabu zake. Yaloweke usiku kucha, yale maji mwaga, weka mengine, kisha yachemke kwa fujo dakika 10 nzima kabla hujapunguza moto. Yale mekundu hasa yana sumu yake, na moto wa kubembeleza hauiwezi. Mume wangu wa kwanza, Mungu amrehemu (hajafa, amehamia Morogoro), aliwahi kunibishia hilo mbele ya wageni. Wageni walikaa. Yeye hakukaa, alikuwa chooni.

Wanga usiukimbie. Wakimbiaji wa Iten kule Kenya, wale wanaotuachia vumbi kila mashindano, chakula chao cha kila siku ni ugali na sukuma wiki, na hakuna mwenye kitambi. Ila wewe kula dona, si sembe iliyokobolewa mpaka ikabaki weupe tu. Mchicha ukamulie ndimu, mwili unyonye madini ya chuma vizuri, na chai isubiri kama saa moja baada ya kula, kwa sababu inayazuia madini hayo hayo. Haya niliyajua kabla ya madaktari. Wao walikuja kuthibitisha.

Sasa wali. Hapa sina mzaha. Kuna kijidudu ambacho mbegu zake haziuawi na moto wa kupikia, na wali ukilala kwenye sufuria katika joto hili letu zinaamka na kumwaga sumu. Ukipasha moto asubuhi, mdudu anakufa, sumu inabaki. Kwa hiyo wali ukiiva utandaze kwenye sinia, upepee mpaka mvuke uishe, na ndani ya saa mbili uwe kwenye friji. Hata kwenye friji, chakula kilichopikwa ni siku tatu, nne kwa kujikaza. Hesabu mwenyewe kutoka Jumapili, uone Jumatano kinanukaje. Wewe si mlafi, baba, wewe unakimbia harufu! Pika mara mbili: Jumapili kidogo, Jumatano kidogo.

Kwa hao wapangaji wenzako, friji ya pamoja ndiyo vita yenyewe. Makopo yako yaandike kwa kalamu nene DAWA YA MINYOO, MBWA. Wakiendelea kuiba, basi ongeza kiasi cha dawa kwenye maandishi.

Na chipsi? Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, yawe ya alizeti, yawe ya kuombewa, na muuza chipsi hapimi kwa kijiko. Soda ya kushushia inabeba zaidi ya gramu 30 za sukari. Dawa ninayo, imewaponya wengi: nenda kakope elfu ishirini kwa huyo muuza chipsi, halafu usimlipe. Hutapita njia ile tena maisha yako yote. Utazungukia barabara ya nyuma, na ile mizunguko peke yake ni mazoezi. Mpwa wangu alifanya hivyo akapungua mpaka suruali ikahitaji kamba. Sasa anadaiwa na mitaa mitatu, lakini mtazame alivyo!

Nilitaka nikueleze nilivyopikia watu mia nne kwa sufuria mbili na mwiko mmoja, ila mhariri ananionyesha saa. Ana wivu huyu, tangu mkewe aombe namba yangu ya simu kwa ajili ya mapishi. Haya: dagaa, dona, mchicha, pika mara mbili, lala mapema, mkope muuza chipsi.

Na wewe binti wa Mbagala ambaye mchumba wako anakunywa mayai mabichi kila alfajiri ili apate kifua: mwili unanyonya protini ya yai lililoiva vizuri zaidi kuliko ya bichi, na bichi linaweza kumletea homa na kuhara. Ayachemshe. Akikataa, mwache, na jiko ondoka nalo.