Barua kutoka Leicester: Kuhusu Harusi ya Desemba

Leicester, Oktoba 2025

Baba Mdogo. Dada, wewe utakayemsomea barua hii pale Koboko, soma polepole, na ukifika penye fedha usishushe sauti.

Nimepata habari kwamba posa imekubaliwa, mpwa wangu anaolewa, na kikao cha wazee kimepanga Jumamosi ya 27 Desemba. Alhamdulillahi. Picha ya kijana nimeletewa, ana sura ya mtu anayelipa madeni yake. Juu yake sina neno. Neno langu ni juu ya tarehe.

Hapa ghalani ninapofanya kazi niko zamu moja na Mwingereza ambaye, baridi ikianza kuuma, huanza kusaka likizo ya nchi za joto. Saa ya chai simu haimtoki mkononi. Leo ni Zanzibar. Kesho bei ya Zanzibar imepanda, amehamia Goa, wala hana kinyongo na Zanzibar. Keshokutwa utasikia Gambia. Hatimaye amepata wiki nzima Gambia, ndege, hoteli na chai ya asubuhi, kwa fedha ambazo mimi sipati hata tiketi tupu ya Entebbe mwezi wa Desemba. Nimemchunguza, nimeijua siri yake. Tiketi rahisi ni ya mtu asiyesubiriwa na yeyote. Yeye anakwenda popote penye jua, siku yoyote, na asipofika hakuna atakayeuliza. Mimi nasubiriwa na ukoo mzima, mahali pamoja, siku moja, saa nne asubuhi, nikiwa nimevaa kanzu.

Aliniuliza kama Koboko kuna zile hoteli unazolipa mara moja kisha chakula, vinywaji na burudani vyote vimo ndani ya bei. Nikamwambia mpango huo kwetu upo tangu zamani, chakula kimo, vinywaji vimo, ngoma imo, na wageni mia tatu wamo. Ila bei yenyewe ni mimi.

Basi nikaenda Belgrave Road, mtaa wa maduka ya sari na dhahabu, kwa mzee mmoja wa Kihindi anayekata tiketi. Ofisi yake ni meza moja, kompyuta moja, kalenda ya duka la mchele na bati la biskuti lililojaa risiti. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Uganda. Akauliza Uganda gani. Niliposema Koboko aliacha kuandika, akavua miwani, akanitazama kama afisa wa uhamiaji.

"Koboko," akasema kwa Kiswahili cha Kampala ambacho hakijachuja hata kidogo. "Kwao Amin."

Nikamweleza kwamba sisi nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya pili ya mto, na mambo yale hatukuhusika nayo.

"Kila mtu wa Koboko ninayemkatia tiketi anakaa ng'ambo ya pili ya mto," akajibu. "Sijui huku ng'ambo alikuwa anakaa nani."

Baba Mdogo, najua hupendi habari za mwaka 1972, lakini mzee huyu ndiye mwenye kompyuta, ilinibidi nisikilize. Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, walipewa siku 90 za kuondoka. Ndege ya kwanza ya waliofukuzwa ilitua Stansted tarehe 18 Septemba 1972, na huku halmashauri ya mji wa Leicester ilikuwa imeshalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije, mji umejaa. Mzee anasema baba yake alilisoma tangazo lile mara mbili, akakunja gazeti, akasema mji unaotumia fedha kuwakataa watu lazima una kazi na nyumba. Wakaja moja kwa moja. Walikuja wengi hivi kwamba leo mtu wa Koboko akitaka kurudi kwao anapitia kwa hao.

"Tiketi yangu ya kwanza ya ndege," mzee akaniambia, "nilikatiwa na mtu wa kwenu. Kwenda tu, bila kurudi."

Baada ya neno hilo nikaona aibu kuomba punguzo, lakini niliomba. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniagizia chai. Chai ilikuwa na tangawizi, sawasawa na ile ya Arua, na punguzo halikuwemo.

Hapo ndipo aliponigeuzia kompyuta nione bei zinavyopikwa. Ndani ya ndege moja, viti vya daraja la kawaida vyote ni vilevile, magoti yanabanwa vilevile, na chakula ni kuku au tambi kwa wote. Lakini viti hivyo vimegawiwa herufi, na kila herufi ina bei yake. Herufi za chini ni chache, na wanaozinyakua ni wale wanaonunua miezi kadhaa kabla. Zikiisha, kompyuta inapanda ngazi. Wiki mbili za kabla ya Krismasi, herufi za chini mara nyingi hazifunguliwi kabisa, maana shirika linajua kwamba kila Mwafrika aliyeko Ulaya ana mama yake. Ndiyo maana jirani yako ndani ya ndege anaweza kuwa amelipa nusu ya ulicholipa wewe, na bado akakulalia begani.

Mwanao wa Arua, yule anayejua simu, alinitumia maelekezo marefu. Nitafute usiku wa manane. Nifute kumbukumbu zote za simu ili mashirika yasijue kwamba nimeshachungulia. Nijifanye niko Brazili. Ninunue siku ya Jumanne. Mwambie nimefanya yote, usiku wa manane, siku ya Jumanne, nikiwa Mbrazili, na bei haikutikisika. Kompyuta hainijui mimi, inaijua Desemba. Mzee anasema Jumanne ina maana ukiruka Jumanne, si ukinunua Jumanne. Katikati ya wiki ndege zina nafasi, Ijumaa na Jumapili hazina.

Njia zenyewe si haba. Kuna ya Addis Ababa, Istanbul, Doha, Dubai, Kairo, Kigali, Brussels na Amsterdam, na bei hushuka kadiri unavyokubali kuteseka. Ile ya chini kabisa ilitaka nishinde uwanjani mchana kutwa na usiku kucha katika mji ambao sina hata mtu wa kusalimia. Halafu tangu Mei mwaka huu Uganda Airlines inaruka moja kwa moja kutoka Gatwick hadi Entebbe, unalala Uingereza unaamka ziwani. Mzee alipoitaja aliinua nyusi. Shirika la kwanza la jina hilo lilianzishwa mwaka 1976, wakati wa utawala wa huyohuyo mtu wetu, likafa mwaka 2001, likafufuliwa mwaka 2019. Akanikumbusha pia kwamba Stansted, palipotua ndege ya wazazi wake, ndipo baadaye zilipokuwa zikipakiwa ndege za whisky na vitu vya anasa kupeleka Entebbe kwa ajili ya wanajeshi. Baba Mdogo, wewe miaka ile ulikuwa kambini. Hapa mimi nilikunywa chai yangu kimya.

Pendekezo lako la kupitia Juba nililifikisha kwa mzee. Ni kweli kabisa kwamba Koboko iko karibu na Juba kuliko Entebbe, kwa kunguru. Kwa binadamu kuna viza ya pili, kuna barabara ya Yei, na kuna mama yangu ambaye akisikia nimepita barabara ya Yei atasusa harusi kabla yangu.

Ndani ya tiketi zote hizo imo kodi ya serikali ya hapa kwa kila abiria anayeondoka kwa ndege. Kwa umbali wa kwetu, kiti cha kawaida, mwaka huu wa 2025 ni pauni 90 tangu Aprili. Kuingia walinihoji, kutoka wananitoza.

Sasa tuje kwenye mizigo, na hapa Dada naomba usiruke. Tiketi nzuri za kwetu zina mabegi mawili ya kilo 23 kila moja. Zile za bei ya kutupa huwa hazina begi hata moja, unapanda na mkoba wa mkononi tu, kwa hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na ndugu. Orodha yenu nimeiandika katika karatasi na kuipima kwa ile mizani ndogo ya kuning'iniza. Gauni la bibi harusi na vikorombwezo vyake, kilo tano. Sufuria za Dada, ambazo chini zimeandikwa kuwa zimetengenezwa China na zimejaa tele Arua, kilo tisa. Shali na dawa za magoti za Bibi, kilo mbili, hizo hazina mjadala. Viatu vya watu ambao miguu yao nilitumiwa imechorwa kwa penseli kwenye karatasi za daftari, kilo kumi na moja. Halafu kuna shemeji aliyeagiza bampa ya mbele ya Toyota Wish. Mwambieni kwa upole kwamba gari hilo huku haliuzwi kabisa. Bampa yake iko Kisekka, Kampala, na inapanda basi vizuri kuliko ndege.

Wenye ndege wanaandika Entebbe kwenye tiketi kana kwamba ndiyo mwisho wa safari. Mimi nikifika Entebbe ndiyo kwanza naanza. Kuna teksi ya kukodi hadi Kampala, kuna kusubiri Arua Park katikati ya magunia ya watu wa Sudan Kusini, na kuna basi la kilomita kama 500 hadi Arua. Siilalamikii safari hiyo. Nyani wa Karuma huwa wamekaa kando ya barabara wakikagua abiria, na karibu na Pakwach ukibahatika unawaona tembo kupitia dirishani, bure, ukiwa na muhogo wa kukaanga mkononi, wakati wenzetu wa likizo wamelipia geti la mbuga kwa dola kuona tembo haohao. Ndege ndogo za Arua zipo, ni safari ya kama saa moja, lakini bei yake kwa dakika inaishinda Doha. Yule mwenzangu wa ghalani aliniuliza kama ndege hizo ni salama, nikamsimulia habari ya Ernest Hemingway. Januari 1954 alikodi ndege ndogo kutazama maporomoko ya Murchison, ikagonga waya wa simu ikaanguka. Ndege iliyokuja kumwokoa ikawaka moto Butiaba wakati wa kuruka. Alitoka mzima kwa namna ya kutoka, magazeti ya dunia yakiwa yameshamzika, akakaa akazisoma tanzia zake mwenyewe. Mwenzangu amesema atabaki na Gambia.

Basi Baba Mdogo, ombi langu ndilo hili. Desemba ninyi mmeichagua kwa akili, sikatai. Mavuno yameingia, mvua imekatika, shule zimefungwa, na kila mtu yuko nyumbani. Lakini uchaguzi mkuu ni 15 Januari 2026. Kati ya sasa na siku hiyo, hema gani, viti gani vya plastiki, spika gani na boda boda gani katika West Nile nzima havitakuwa kwenye mkutano wa mgombea? Mtakodi hema kwa bei ya mheshimiwa, na mheshimiwa mwenyewe atakuja harusini bila kualikwa, atashika maikrofoni, na hataiachia mpaka magharibi. Mimi nitakuwa nimelipa zaidi ya pauni 1,000 kuja kusikiliza sera zake.

Tazameni Jumamosi ya 7 Februari. Kampeni kubwa zimekwisha na viti vimerudi stoo, mwenye hema anatafuta mteja. Kiangazi bado kipo, vumbi tele lakini mvua hakuna. Mashuleni hawajaanza kusoma kwa maana halisi ya kusoma. Ramadhani ni katikati ya mwezi, kwa hiyo maharusi wana siku zao chache za kula mchana. Na tiketi yangu, nikiruka Jumanne, mzee amenionesha mwenyewe, ni pauni 500 na ushee, mabegi yote mawili ndani. Tofauti yake ni ng'ombe. Ng'ombe mzima, Baba Mdogo, mwenye mkia. Niko tayari kuitoa tofauti hiyo kwa kamati ya chakula kesho asubuhi kwa simu, mkinihamishia tarehe. Msiponihamishia nitakuja hivyohivyo Desemba, maana mjomba hawezi kukosa, ila ng'ombe atakuwa amekwenda kwa wenye ndege.

Najua mtasema upande wa kijana umeshatangaziwa. Waambieni ni mambo ya usafiri wa kimataifa. Maneno hayo yakisemwa na mzee mwenye bakora hayaulizwi swali la pili.

Mzee wa Belgrave Road ameniwekea kiti hicho cha Februari mpaka Ijumaa jioni, saa za huku, na amesema baada ya hapo herufi yangu inakwenda kwa mtu mwingine. Nilipomwomba aniongezee siku akanijibu kwamba wao waliomba pia. Kwa hiyo kikao kikae Alhamisi baada ya swala ya alasiri, na Dada anipigie usiku uleule, hata kama wazee bado wanabishana.

Na gauni lenyewe nataka vipimo upya. Kiuno mlichonitumia ni cha Dada.