Namna ya Kusomea Uchumi wa Fedha Bila Kuonana na Hisabati

Mwongozo huu ni wako wewe uliyemaliza Kidato cha Sita ukiwa na mapenzi makubwa kwa fedha na kinyongo cha siku nyingi na Hisabati. Usione aibu, mko wengi. Katika matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2023, waliofaulu Hisabati nchini Tanzania walikuwa takribani mmoja kati ya wanne. Kwa hiyo wengi wape, na wengi ndio nyinyi. Bahati mbaya masharti ya shahada hayapigiwi kura, ndiyo maana tunalazimika kupita njia ya panya. Nifuate hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: Soma kitabu cha udahili nusu ukurasa

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka. Ufungue pale palipoandikwa sifa ya chini ya kuingia chuo kikuu kwa aliyetoka Kidato cha Sita: ufaulu wa prinsipo mbili zenye jumla ya pointi nne, A ikiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Una D ya Historia na D ya Jiografia? Mbili na mbili ni nne. Hiyo ndiyo hesabu ya mwisho utakayopiga maishani. Funga kitabu, mpigie shangazi simu, mwambie mwanawe anakwenda kuwa mchumi.

Kosa kubwa ni kushuka hadi kwenye jedwali la programu moja moja. Huko kila chuo huongeza masharti yake, na kwa kozi za uchumi na fedha huwa hayana huruma: Uchumi au Hisabati iwemo katika zile prinsipo, na asiyesoma Hisabati ya Juu awe amefaulu angalau BAM, ile Hisabati tumizi ya msingi, au awe na alama ya kueleweka ya Hisabati kutoka Kidato cha Nne. Aliyetoka EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, anapita akipiga mluzi. Nyinyi wa HGE na ECA, michepuo yenye Uchumi bila Hisabati ya Juu, mnaanza kukumbuka vipindi vya BAM mlivyokuwa mkilala kwa sababu somo lile halikuwa likiingia kwenye pointi. Ndilo limesimama mlangoni sasa, limekunja mikono.

Hatua ya pili: Chagua kozi kwa kutazama tai ya binamu

Binamu yako yuko benki, anavaa tai na ofisi yake ina kiyoyozi. Huo ni utafiti wa kutosha. Usimuulize alisomea nini, asije akakwambia.

Wala usitishwe na habari za krediti. Shahada ya miaka mitatu hudai krediti 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa kumi za kujifunza: darasani, maktaba, mazoezi na mitihani. Jumla saa 3,600. Ukisoma saa nane kila siku, unamaliza kwa siku 450, na miaka mitatu ina siku 1,095. Wewe utazisoma zote katika wiki mbili za mwisho wa kila muhula, usiku, ukiwa na chupa ya chai. Samahani, hapa nimekupigisha hesabu. Haitajirudia.

Hatua ya tatu: Mwaka wa kwanza, kaa nyuma

Ratiba itakuletea uchumi mdogo, uchumi mkubwa, misingi ya uhasibu, takwimu, na kozi moja yenye jina la vitisho: Hisabati kwa Wanauchumi. Ikwepe. Weka nguvu zako zote kwenye uchumi mdogo, ambako wiki ya kwanza mhadhiri huchora mistari miwili tu, ugavi na mahitaji, na kila mtu hutikisa kichwa kama aliyezaliwa sokoni Kariakoo.

Wiki ya tatu atauliza: bei ya mchele ikipanda kwa asilimia kumi, wanunuzi watapungua kwa kiasi gani? Utajibu, "Watapungua sana, dokta." Atataka namba. Kisha atauliza muuzaji azalishe magunia mangapi ili faida iwe kubwa kuliko zote, na kwa mara ya kwanza ataandika ubaoni alama za kalkulasi. Utageuka kumtazama mwenzako wa EGM, naye atakuwa ameshamaliza anachezea simu.

Dawa yake ni desa, yaani notsi za kukariri. Tafuta madesa ya waliotangulia, yapige kopi pale steshenari, kaa nayo kimbwetani ukiyakariri kama kasida. Yatakufaa mpaka siku mhadhiri atakapobadilisha namba moja tu kwenye swali. Hapo ndipo msamiati wako wa chuo utakapokamilika: kusapu (kurudia mtihani), kukeri (kubeba kozi hadi mwaka unaofuata) na, Mungu apishe mbali, kudisko (kuondolewa chuoni).

Hatua ya nne: Mwaka wa pili, jifiche kwa bibi

Sasa unaingia kwenye fedha yenyewe, na hapa una kinga nzuri, kwamba mambo haya bibi yako aliyajua kabla ya profesa. Analima mahindi, pembeni amechomeka mihogo, na nyuma ya nyumba ana mbuzi watatu. Mvua ikikataa, mahindi yanakauka lakini muhogo unavumilia. Mwaka 1952 Harry Markowitz aliandika hayohayo kuhusu hisa, na mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Merton Miller na William Sharpe. Bibi hajapewa hata kanga.

Dai hili litoe kwa sauti kwenye semina, utapigiwa makofi. Kisha mhadhiri ataeleza alichoongeza Markowitz: namna ya kupima mali mbili zinavyopanda na kushuka pamoja, ili ujue uweke kiasi gani huku na kiasi gani kule upate faida ileile kwa hatari ndogo zaidi. Bibi anajua achanganye. Kiasi gani, anakisia, na akikosea, wanalala njaa watu wanane. Kwa mfuko wa pensheni wenye wanachama maelfu kwa maelfu, kukisia hakukubaliki, ndiyo maana ubaoni kuna matriki.

Usikate tamaa. Muhula unaofuata kuna ekonometriki, somo linalochanganya uchumi, takwimu na machozi. Utafundishwa kuuliza kama mikopo ndiyo inayokuza biashara au biashara zinazokua ndizo zinazopewa mikopo. Njia ya panya ni kubonyeza kitufe kwenye programu ya takwimu ya Stata na kunakili kila kinachotokea.

Hatua ya tano: Mwaka wa tatu, chagua maswali ya maelezo

Kwenye masoko ya fedha kuna mjadala mtamu usiohitaji kikokotoo. Eugene Fama aliandika mwaka 1970 kwamba bei za hisa sokoni hubeba taarifa zilizopo, hivyo ni vigumu kulishinda soko. Robert Shiller akaonyesha kwamba bei huyumba kupita kiasi. Mwaka 2013 wote wawili walipewa Nobel, siku moja. Utajenga hoja kwamba jibu lolote utakaloandika ni sahihi. Usimtaje tu mshindi wa tatu wa siku ile, Lars Peter Hansen, kwa kuwa yeye alituzwa kwa mbinu za kitakwimu za kupimia madai ya namna hiyo, na asiyejua hesabu hawezi kusoma hata ukurasa wake wa kwanza.

Halafu rudi nyumbani: Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998, hisa za kampuni ya TOL zikiwa za kwanza. Zipo hisa pale zinazopitisha siku nzima bila mnunuzi. Jadili ufanisi wake kwa kurasa nne, bila namba.

Na ukitaka kuwatuliza wenzako wa EGM wanaojiona, wakumbushe LTCM, mfuko wa uwekezaji wa Marekani uliokuwa na Robert Merton na Myron Scholes miongoni mwa wabia wake. Oktoba 1997 wawili hao walipata Nobel kwa kazi yao ya kukokotoa bei za mikataba ya chaguo. Septemba 1998 mfuko ulikuwa taabani, na Benki ya Hifadhi ya New York ikakusanya mabenki makubwa yauokoe kwa dola bilioni 3.6. Sema, "Mnaona hesabu zilivyowaponza?" Usiseme kwamba walikuwa wamekopa mara nyingi zaidi ya mtaji wao, jambo ambalo hata mgawanyo wa darasa la nne ungelifichua.

Hatua ya sita: Fanya mafunzo kwa vitendo na bumu lako

Mkopo wa Bodi ya Mikopo huja na posho ya chakula na malazi, ndiyo bumu lenyewe, shilingi 10,000 kwa siku, na ikiingia ya siku 60 kwa mpigo unajikuta na 600,000. Franco Modigliani alipata Nobel mwaka 1985, na miongoni mwa kazi zake ni nadharia kwamba binadamu hugawanya matumizi yake kwa utulivu katika maisha yote. Inaelekea hakuwahi kufika Hosteli ya Mabibo wiki ya bumu. Wiki ya kwanza ni kuku na chipsi, ya tatu ni chai kavu, ya nne unabisha hodi kwa wakopeshaji wa kausha damu.

Ukifika hapo, usipige hesabu kabisa. Januari 2024 Benki Kuu ilipoanza kutumia riba elekezi, iliianzia asilimia 5.5 kwa mwaka. Mkopeshaji wako wa mtaani tuseme anataka asilimia 30 kwa mwezi. Ukichukua laki moja usilipe, na riba ikazaa riba, baada ya miezi kumi na miwili unadaiwa takribani 2,330,000. Hili ni swali la thamani ya fedha kwa wakati, mada ya wiki ya pili, ile uliyokaa nyuma. Deni la Bodi nalo linakusubiri ajirani: asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kila mwezi, mpaka liishe.

Hatua ya saba: Vaa joho

Kwa GPA ya 4.4 kwenda juu ungepata daraja la kwanza. Wewe umepata ya kupitia, na shukrani ni kwa desa. Ukoo umekuchangia sherehe, na kuanzia leo wewe ndiye mtaalamu wao wa fedha.

Jioni ileile shangazi atakuvuta pembeni: kuna watu wanapanda mbegu, wanavuna mara mbili, naye ana milioni mbili za kiinua mgongo. Maelfu ya Watanzania walipanda mbegu zao za fedha kwenye DECI kabla serikali haijausimamisha mpango huo mwaka 2009. Kilichotakiwa ili kujua mwisho wake ni kujumlisha: kama malipo ya wa jana yanatoka kwa wa leo, kesho waletwe wangapi, na keshokutwa wangapi? Shangazi anakusubiri umjibu, na milioni zake ziko kwenye mkoba.

Nimekupitisha njia zote za panya ninazozijua, na kila moja imetokea kwenye hesabu. Sharti la BAM halikuwekwa ili kukukomoa. Limewekwa kwa sababu utashika fedha za watu wengine, na fedha za watu hazishikwi kwa kukisia. Kwa hiyo kabla ya dirisha la udahili kufungwa, tafuta daftari lako la BAM, anza ukurasa wa kwanza, na ukikwama muulize yule wa EGM. Kama huna nia hiyo, ziko shahada nyingine nyingi zenye heshima zake. Chagua moja, umpishe anayeitaka hii.